Tundu Lililokatwa kwa Makusudi

Mgeni mmoja aliyetutembelea kutoka Pennsylvania, Marekani, alinionyesha picha ya kitambaa cheupe cha kitani, ambacho ukubwa wake haukupita sana leso ya mkononi. Juu yake palikuwa na miraba kadhaa iliyofumwa kwa nyuzi za rangi mbili, buluu na kahawia, na katikati herufi za jina la binti pamoja na mwaka. Nikasema, "Mapambo mazuri." Yule mgeni akatabasamu, akanijibu, "La, Mchungaji. Hayo siyo mapambo. Hayo ni matundu."

Kisha akanieleza. Kila mraba ule hapo kwanza ulikuwa tundu. Binti wa shule alipewa kitambaa kizima kisicho na kasoro. Akashika mkasi, akakitoboa. Kisha akaketi siku nyingi akiyaziba matundu aliyoyakata mwenyewe. Neno hilo likanishangaza, nami nimelichukua moyoni kwa muda wa miezi. Maana sisi tuliolelewa na mama zetu katika nyumba zisizo na nguo nyingi twajua ya kwamba nguo hupasuka yenyewe bila kusaidiwa. Ni nani basi akate nguo nzima ili apate kuishona?

Wenye shule ile walikuwa Wakristo wanaojiita Marafiki; watu wa nje waliwapa jina la Waquaker kwa kuwadhihaki, nalo likawaganda. Chama chao kilianza Uingereza katikati ya karne ya kumi na saba, kwa mahubiri ya George Fox. Katika nchi zetu si wageni. Walifika Pemba mwaka wa 1897, wakafanya kazi kati ya watu waliotoka utumwani. Na mwaka wa 1902 wengine, kutoka Marekani, wakaanza kazi Kaimosi, upande wa magharibi wa Kenya, ambako leo watu wao ni wengi sana. Marafiki wale wa Pennsylvania hawakubatiza kwa maji wala hawakuandaa Meza ya Bwana, na katika mambo hayo sisi Walutheri hatupatani nao. Lakini mtu aweza kujifunza kushona kwa jirani asiyesali naye.

Kitambaa cha namna ile chaweza kuitwa kitambaa cha mfano. Tangu kale wanawake wa Ulaya waliweka mishono yao juu ya kipande cha nguo, ili mkono usisahau ulichojifunza, kwa kuwa vitabu vya mishono vilikuwa adimu. Kilicho cha kale kuliko vyote vinavyojulikana vyenye tarehe kilishonwa na Jane Bostocke wa Uingereza mwaka wa 1598, nacho kimehifadhiwa London. Wahamiaji wakaivusha bahari desturi hiyo. Kitambaa cha Loara Standish wa Plymouth kilishonwa yapata mwaka wa 1653. Baadaye ikawa ni kazi ya wasichana hasa. Binti wa miaka minane au kumi alishona alfabeti na tarakimu, kisha jina lake, umri wake na mwaka. Kazi hiyo ilikuwa na faida yake nyumbani, maana shuka na mashati yalitiwa herufi na nambari kwa sindano, yasipotee siku ya kufua, na tena yatumiwe kwa zamu ili yachakae sawasawa. Nao wasichana wengi hawakuacha maandishi mengine ya mkono wao ila hayo. (Viko vitambaa ambavyo tarakimu za mwaka zimefumuliwa, na yasemekana ya kwamba wenyewe walipokuwa mabibi hawakupenda wageni wahesabu umri wao ukutani. Sindano iandikayo yaweza kufuta pia.)

Mwaka wa 1681 mfalme wa Uingereza alimpa William Penn, aliyekuwa Rafiki, nchi kubwa ng'ambo ya bahari, ndiyo Pennsylvania. Marafiki wengi wakahamia huko, na wengine walikwisha kukaa New Jersey, mkabala wa mto. Walijiwekea sharti la unyofu: nguo zisizo na marembo, maneno machache, wala kumvulia mkubwa kofia hawakukubali. Hapo bila shaka likatokea swali, kama yampasa binti wa watu kama hao kushika sindano ya kudarizi. Jibu halikuwa moja. Katika mji wa Philadelphia, Elizabeth Marsh na binti yake Ann, nao walikuwa Marafiki, waliwafundisha binti za matajiri kushona kwa hariri za rangi nyingi, maua na ndege na matunda. Na wazazi waliojikataza utepe wa kofia hawakujikataza ua la hariri lililoshonwa na mtoto wao. Sisemi hivi kwa kuwacheka. Nimeona hata kwetu watu wanaohubiri habari ya unyenyekevu wakiwa wamevaa viatu ving'aavyo, na mmoja wao ndiye anayeandika maneno haya.

Lakini mwaka wa 1799 Marafiki wa Philadelphia wakafungua shule ya bweni mahali paitwapo Westtown, katika wilaya ya Chester, kwa kufuata mfano wa shule ya wenzao ya Ackworth, katika Yorkshire huko Uingereza, iliyoanzishwa mwaka wa 1779. Wavulana na wasichana walipokewa wote, wakakaa kila upande kwao. Kwa habari ya sindano, unyofu ulirudishwa. Alfabeti ya herufi kubwa zisizo na madaha, maneno machache ya maonyo, mzunguko wa mzabibu na majani, mara nyingi kwa uzi wa rangi moja tu, basi. Wala isidhaniwe kwamba wasichana hao walifundishwa sindano peke yake. Walijifunza hesabu na jiografia na habari za nyota, na sindano yenyewe wakaitia katika masomo hayo: walishona tufe za hariri, zilizojazwa sufu, zenye ukubwa kama chungwa kubwa, juu yake mistari ya dunia imepitishwa kwa uzi na mabara yameandikwa majina. Binti wa shambani ambaye labda hakupata kuona bahari aliishika dunia yote katika viganja vyake, na bara letu limo. Hizo tufe ningependa kuziona kwa macho kabla sijafa. Walakini siku hii nataka kunena habari za matundu.

Kuziba tundu kwa namna ile ndiko kunakoitwa kutililia. Mwenye kutililia hatii kiraka. Kiraka ni kipande kigeni kinachobandikwa juu, na Bwana wetu amekwisha kutuonya habari ya kiraka kipya juu ya vazi kuukuu. Atililiaye huifuma nguo upya mahali ilipotoweka. Kwanza hupitisha nyuzi kutoka ukingo huu wa tundu mpaka ukingo wa pili, zikalala sambamba kama mtande. Naye hazianzishi ukingoni kabisa, bali mbali kidogo, katika nguo iliyo nzima, kwa maana ukingo wa tundu ni dhaifu na hauwezi kubeba kitu. Kisha hugeuza nguo, akapitisha uzi mwingine kuzikata zile za kwanza, juu ya mmoja, chini ya mmoja, kama mshindio. Hiyo ni namna ya kwanza, nayo ni rahisi. Lakini nguo si zote zilizofumwa hivyo. Iko iliyofumwa juu ya mbili na chini ya moja, ikisogea hatua kila safari hata mistari inakwenda mshazari. Iko yenye vijicho vidogo. Iko ya kitambaa cha meza, yenye miraba inayong'aa kwa zamu. Binti alipaswa kujua kila namna, maana tundu la nguo ya mshazari likizibwa kwa mfumo wa nguo ya kawaida, pale mahali patakaza, patavuta, na baada ya kufuliwa mara mbili nguo itapasuka kandokando ya palipozibwa. Basi ikampasa kuitazama sana nguo kabla ya kuigusa, aone ilivyofumwa na aliyeifuma kwanza.

Kwa sababu hiyo matundu yalikatwa kwa makusudi. (Katika vitambaa vingine hayakukatwa, binti alipitisha nyuzi juu ya nguo nzima kwa mfumo uleule.) Hakuna mtu angoje mpaka shuka bora ya nyumbani itoboke ndipo aanze kujifunza. Na kwa sababu hiyo pia ziliwekwa nyuzi za rangi mbili, mtande rangi yake na mshindio rangi yake: bibi mwalimu apate kuona kwa jicho moja kila mahali uzi ulipopita juu, na kila mahali ulipokosea njia. Lakini binti huyohuyo akirudi nyumbani, akipewa shuka ya mama yake iliyotoboka, hatii buluu wala kahawia. Hutafuta uzi mweupe, mwembamba kama wa shuka yenyewe, ikiwezekana uliochomolewa katika pindo lake. Naye husifiwa akiwa amefanya kazi ambayo mgeni aliyelala juu ya shuka hiyo hataiona kamwe.

Basi, ndugu zangu, hapa ndipo penye swali langu. Mwanadamu naye hupasuka. Nasi katika usharika tumepewa kazi ya kumrudisha aliyeanguka, tukiifanya mwaka hata mwaka, wazee na walimu na wachungaji, na mara nyingi bila kufundishwa sana. Je, tundu la mtu lizibwe kwa uzi upi? Kwa uzi wa rangi, ili wote waone lilipokuwa, au kwa uzi mweupe?

Najua mtu mmoja miongoni mwa Marafiki ambaye angejibu upesi. John Woolman alizaliwa mwaka wa 1720 katika wilaya ya Burlington, New Jersey, akawa fundi wa kushona nguo katika mji wa Mount Holly. Huyo tangu mwanzo wa miaka ya 1760 aliacha kuvaa nguo na kofia iliyotiwa rangi. Katika habari za maisha yake alizoziandika, zilizochapishwa mwaka wa 1774 baada ya kufa kwake, alieleza sababu, na mojawapo ni hii: rangi huficha uchafu. Nguo ya rangi haionekani kuwa chafu, basi watu huivaa ikiwa chafu, afadhali ifuliwe. Alitembea kati ya watu kwa kofia ya rangi ya manyoya kama yalivyotoka kwa mnyama, na baadhi ya wenzake wakamwonea haya. Mtu kama huyo angetuambia, "Msifiche. Kila afichaye huhifadhi uchafu."

Nimelifikiri sana neno lake, kwa kuwa namheshimu. Lakini naona kutia rangi na kutililia si jambo moja. Rangi huliacha doa palepale lilipo, ikalifunika. Uzi mweupe hauachi tundu chini yake. Tundu limekwisha, mahali pake pana nguo. Aliyeziba vizuri hana la kuficha, hata kama halionekani. Tena nadhani Woolman, aliyekuwa fundi, aliwashonea watu nguo zao zilizopasuka kwa uzi wa rangi ileile ya nguo bila dhamiri yake kumshitaki. Mambo ni mawili: kuficha kasoro iliyopo, na kutoitangaza kasoro iliyoponywa. Shida yetu ni kwamba kwa kuyatazama yanafanana kabisa, na baraza la wazee laweza kufanya la kwanza huku likilitaja kwa jina la pili.

Tuwatazame Marafiki wenyewe walivyofanya. Mmoja wao alipoanguka, kwa ulevi, au kwa kuzaa kabla ya ndoa, au hata kwa kuolewa na mtu asiye wa chama chao, wajumbe walitumwa kumwona. Asipotubu, alitangazwa kuwa si mmoja wao. Akitaka kurudi, ilimpasa kuandika karatasi ya kukiri na kulihukumu kosa lake mwenyewe. Ikasomwa mbele ya mkutano, ikanakiliwa katika kitabu. Vitabu hivyo vipo. Vingi vyake vimehifadhiwa katika vyuo vya Haverford na Swarthmore, karibu na Philadelphia, na mtu yeyote mwenye subira aweza leo kusoma ya kwamba binti fulani, zaidi ya miaka mia mbili na hamsini iliyopita, alikosa hivi, akalia, akasamehewa. Amekwisha kuwa mavumbi. Wajukuu wa wajukuu zake hawajulikani walipo. Ule uzi wa rangi bado unaonekana.

Lakini tufungue vitabu hivyohivyo mahali pengine. Mwaka wa 1688 watu wanne wa Germantown, mji wa Wajerumani na Waholanzi kando ya Philadelphia, waliwaandikia Marafiki wenzao barua ya kukataa kununua na kuuza watu weusi. Mmoja wao alikuwa Francis Daniel Pastorius, aliyelelewa katika Ulutheri huko Ujerumani kabla ya kuhama. Barua ikapelekwa kutoka mkutano mdogo kwenda mkubwa, na mkubwa ukaona neno ni zito mno, ukaiweka kando. Mwaka wa 1758 mkutano wa mwaka wa Philadelphia uliwazuia wanunuzi na wauzaji wa watumwa wasishiriki katika shughuli za kanisa, ukatuma wajumbe, Woolman akiwa mmoja wao, kuwaendea wenye watumwa nyumba kwa nyumba na kusema nao kwa upole. Mwaka wa 1776 ndipo walipokataza kabisa Rafiki kumiliki mtu. Kutoka barua ya kwanza ni miaka 88. Nawasifu kwa mwisho wake, maana makanisa mengi, na mengine ya jina letu la Kilutheri huko Marekani, yalichelewa kuliko wao. Ila sikosi kuona tofauti. Kwa bwana mwenye mashamba, aliyemshika mwana wa mtu kama mali, kulikuwa na subira ya miaka, na mazungumzo ya upole sebuleni. Kwa binti aliyempenda kijana asiye wa chama, kulikuwa na miezi michache, na karatasi ya kusomwa mbele ya watu.

Nilipokuwa nikiwaza habari za binti yule na za bwana yule, ghafula sikuwa tena katika Pennsylvania. Nilikuwa katika chumba cha baraza, nimeketi kwenye kiti cha mwenyekiti.

Miaka kadhaa iliyopita, katika usharika mmoja nilioutumikia, msichana wa kwaya alipata mimba asiyekuwa na mume. Tulimtoa katika kwaya, tukamzuia Meza ya Bwana. Alipokuja kutubu, nasi hatukuwa na shaka na machozi yake, tukamsimamisha mbele ya watu Jumapili, nikalitaja jina lake na kosa lake, nikatangaza msamaha. Jambo likaandikwa katika kitabu cha usharika. Kijana aliyempa mimba hakusimama, kwa kuwa hakutajwa. Mwaka huohuo mmoja wa wazee wetu, mtu mwenye heshima, alichukua fedha zilizochangwa kwa ajili ya mabati ya kanisa, akazitumia katika biashara yake, na alipoulizwa akakiri. Tulikaa naye usiku, watu wanne, mlango umefungwa. Alilia naye. Tukaomba pamoja. Baada ya miezi mitatu fedha zilirudi zote, na hakuna aliyejua. Hakuna kitu kilichoandikwa. Aliendelea kusoma masomo ibadani, na alipokufa mimi ndimi niliyehubiri juu ya jeneza lake, nikasema alikuwa mtumishi mwaminifu. Neno hilo lilikuwa kweli, maana toka usiku ule alikuwa mwaminifu kweli. Uzi wetu mweupe ulishika.

Uzi wa rangi haukushika. Mtoto wa yule msichana alipobatizwa, watu waligeuka kutazamana. Akina mama waliwaambia binti zao, "Unataka kuwa kama fulani?" Jina lake likawa somo. Baada ya muda akahama mji, nami nilisikia ya kwamba huko aliko haendi kanisani. Wakati ule nilisema moyoni kwamba toba yake ilikuwa haba.

Sasa nasema vingine. Kile kitambaa cha Westtown kiliweza kubeba buluu na kahawia kwa sababu hapakuwa na mtu wa kukivaa. Kilikatwa kwa ajili ya kufundisha. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake yote. Shuka ya nyumbani haikutendwa hivyo. Sisi tulimchukua mtu, ambaye ni vazi la Bwana mwenyewe, tukamfanya kitambaa cha mfano, ili wasichana wengine wajifunze kwa kumtazama. Tena nguo ya yule mzee, kwa kuwa ilikuwa ya thamani machoni petu, tuliitafutia uzi ulioifaa.

Mwalimu wa dini mmoja, ambaye nilimsomea nusu ya maneno haya, aliniambia, "Mchungaji, ukiondoa kusimama mbele ya watu, vijana watafundishwa kwa nini? Watasema dhambi ni nyepesi." Si neno la kupuuzwa. Mimi mwenyewe siamini ya kwamba kila jambo lifungiwe chumbani. Yuko aliyewadhulumu wengi, naye hana budi kusema mbele ya wengi, wasije wakadhulumiwa tena. Na kama mzee wetu asingalizirudisha fedha, usharika ulikuwa na haki ya kujua. Lakini nilimwomba mwalimu yule afungue Injili, atazame ni nani walioshonwa humo kwa uzi wa rangi. Petro alimkana Bwana wake mara tatu, na jambo hilo limeandikwa katika Injili zote nne. Limesomwa katika kila lugha, na jina lake limetajwa wazi, naye ni mkuu wa mitume. Daudi ni mfalme, na uzinzi wake umeandikwa pamoja na jina la mume aliyemwua. Kisha atazame yule mwanamke aliyeletwa hekaluni katikati ya watu, na mawe tayari. Jina lake nani? Baba yake nani? Alitoka kijiji gani? Mwalimu alikaa kimya kidogo, akasema, "Hakuandikwa." Kisha akaongeza mwenyewe, bila mimi kumwuliza, "Wala yule mwanamume hakuletwa."

Sisi tulifanya kinyume. Tulimtaja msichana, tukamficha mzee. Wala sikuongozwa na mtu. Kalamu iliyoandika katika kitabu cha usharika ni yangu.

Najua wasomaji wengine watasema si vema mchungaji kulitoa jambo la namna hii katika gazeti la kanisa. Nimeliwaza hilo pia. Nimeacha majina yote na mahali, ila langu ambalo liko chini ya kila andiko langu katika kurasa hizi, nanyi mwalijua. Vijana wakihitaji tundu la kujifunzia, hili ni langu, nimelikata mwenyewe, waweza kulitazama mtakavyo.

Mwezi uliopita nililiomba baraza la usharika ule kwa barua wanieleze kama wataniruhusu nije kwao Jumapili moja, niyaseme haya mbele ya watu walewale waliosikia jina lake kinywani mwangu. Mwenyekiti wa sasa amejibu kwamba watalijadili. Kwa yule mama, maana sasa ni mama wa mtoto anayesoma shule, niliandika barua ya pili, si ndefu, na sikumwomba arudi. Niliipeleka kwa mkono wa shangazi yake, ambaye aliipokea, akaitazama bahasha pande zote mbili, akaniuliza, "Nimwambie imetoka kwa Mchungaji, au nimwambie imetoka kwako?" Sikuwa na jibu la haraka. Nilimwambia ataje jina langu tu. Barua haijajibiwa bado.